Kumkumbuka Mwalimu: Maneno ya Waimbaji wa Zamani

 

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, Mama Mwalimu uliyeketi hapo mbele pamoja na wanao na wajukuu wako, waimbaji wa leo, na washirika wote, tunawasalimu katika jina la Bwana. Sisi tuliosimama hapa ni tisa. Ndio tuliobaki hapa Voi kati ya waliokuwa wakiimba siku zile za mwanzo. Wengine walihamia Mombasa na Nairobi kutafuta kazi, na wengine wametangulia mbele za haki. Kamati ya yubilei ilituomba maneno machache juu ya Mwalimu aliyeianzisha kwaya hii, mume, baba na babu. Tulijaribu yawe machache. Tumeshindwa, mtuvumilie.

Ili tusije tukasema uongo madhabahuni, tulikwenda kwanza kufungua lile kabati la ofisini lenye vitabu vya kumbukumbu za mikutano ya kwaya. Kimoja kimeliwa na mchwa. Vingine vinasomeka vizuri. Katika kitabu cha mwaka 2003 tukakuta mstari huu: “Mwalimu ameiacha kwaya kwa sababu za nyumbani. Wanakwaya wamesikitishwa sana na uamuzi huo.” Mwandiko ule tunaufahamu, kwa sababu aliyeuandika ni mmoja wetu hapa, na sisi wengine tulikuwa tumeketi karibu naye tukimwambia aandike neno “sana”.

Kwa hiyo leo tumekuja kumkumbuka Mwalimu, lakini pia tumekuja kuusahihisha mstari huo mbele ya kanisa na mbele ya jamaa yake.

Wadogo wetu hamkumkuta akiongoza, basi tuwaeleze kidogo. Mwalimu alianza kwaya hii mwaka 1974, akiwa kijana wa miaka 23, mwalimu wa shule ya msingi. Tulikuwa watu 11. Kinanda hakikuwapo, wala umeme. Alikuwa na ubao mweusi, chaki, na kile chuma chake chenye ncha mbili kama uma. Alikigonga gotini, akakileta sikioni, akafumba macho kidogo, kisha akatupa noti kila sauti yake. Tulidhani ni mambo ya uganga. Baadaye alitueleza kwamba kile chuma kinalia sauti moja tu, haibadiliki kwa baridi ya asubuhi wala kwa hasira ya mwalimu, na kazi ya mwalimu ni kuhesabu kutoka hapo hadi kwenye do.

Alitufundisha kwa do, re, mi. Si kwa kubahatisha. Kwa kuandika ubaoni, d, r, m, f, s, l, t, na nukta na vituo vya kuonyesha mapigo. Wengi wetu tulikuwa hatujamaliza hata darasa la saba, lakini baada ya mwaka mmoja tuliweza kusoma wimbo mpya kama mtu anavyosoma barua kutoka nyumbani. Alipenda kutuambia asili ya jambo. Alisema njia ile iliendelezwa na mchungaji mmoja wa Uingereza, John Curwen, katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu mwanamke aitwaye Sarah Glover, makusudi watu wa kawaida waweze kuimba bila kununua vyombo. Tena alituambia kuwa Enoch Sontonga, aliyetunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897 kule Afrika Kusini, naye alikuwa mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya, na alitumia do, re, mi hizi hizi. Hilo alilisema kila mwaka. Tulipoliona linakuja tulikonyezana.

Mkali alikuwa mkali. Mazoezi yalikuwa saa kumi na moja kamili jioni, maana wakati wa kiangazi ndovu walikuwa wakitoka Tsavo na kuingia mashambani, na akina mama waliotoka mbali ilibidi wafike nyumbani kabla ya giza. Ukichelewa unaimba ukiwa umesimama peke yako mlangoni. Mmoja wetu hapa, wa besi, alisimama mlangoni miaka miwili mfululizo. Anasema alikuwa akipendelea upepo.

Katika wale 11 alikuwamo msichana wa sauti ya pili. Waimbaji mnajua sauti ya pili ni ya namna gani. Haina sifa. Wimbo unavuma na sauti ya kwanza, na mgeni kanisani hawezi kukuambia sauti ya pili iliimba nini. Lakini ikikosekana, wimbo unakuwa kama nyumba isiyo na mbao za katikati. Msichana yule hakuwahi kupotea hata siku moja, na Mwalimu akawa anagonga ule uma wake na kumtazama yeye. Tuliona sisi kabla yao wenyewe hawajaona. Walifunga ndoa katika kanisa hili, tukaimba, na bibi arusi akasahau kwamba ni bibi arusi akaimba sauti yake tokea pale mbele. Ndiye huyu Mama Mwalimu.

Wakapata watoto wanne. Watatu wako hapa leo, na mmoja yuko kazini Ghuba, ametuma salamu. Mshahara wa mwalimu wa msingi wote mnaujua. Aliuza mbuzi, alikopa kwenye chama cha akiba na mikopo, alishona viatu vyake mwenyewe. Binti yake mkubwa alituambia juzi kwamba baba yao hakuwahi kula kabla ya kuuliza mama yenu amekula nini. Walidhani wanaume wote hufanya hivyo, mpaka alipoolewa. (Mume wake yuko hapa. Amecheka, tunashukuru.)

Sasa tufike mwaka 2003.

Ulikuwa mwaka wa matumaini. Januari ile serikali ilitangaza elimu ya msingi bila karo, na darasa la kwanza la Mwalimu likajaa watoto hadi wengine wakaketi sakafuni na dirishani. Kwaya nayo ilikuwa na jambo lake. Kwa miaka miwili tulikuwa tunachanga, wengine shilingi hamsini hamsini, ili twende Mombasa kurekodi kanda. Tulikuwa tumekwisha kulipa malipo ya kwanza studio. Sare mpya zilikuwa kwa fundi.

Mwezi wa Juni, alfajiri, Mama Mwalimu aliinuka kuwasha jiko akaanguka. Kilikuwa kiharusi. Alilazwa majuma matatu. Alipotoka, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, na maneno yalikuwa yamekwenda. Akili ilikuwapo, ungeiona machoni. Lakini kinywani lilibaki neno moja tu, “basi”. Ukimuuliza anataka maji, anasema basi. Ukimuuliza kama anaumwa, basi. Akitaka kumwita mtoto, basi, basi. Akishindwa kueleweka alilia.

Mwalimu akaja mazoezini siku ya Jumatano, akasimama mbele yetu, hakugonga uma. Akasema, “Wapendwa, sitaweza tena. Nina darasa asubuhi na nina mgonjwa jioni. Mtafuteni mwingine.” Akaweka chaki mezani, akaenda zake. Alikuwa ametuongoza miaka 29.

Hapa ndipo tunapoomba mtusikilize vizuri, kwa kuwa kusema ukweli huu ndiko kulikotuleta. Tulikasirika. Hatukumkasirikia Mungu wala ugonjwa, tulimkasirikia yeye. Tulisema mgonjwa ana watoto wakubwa, ana dada zake, kwa nini wasikae naye saa mbili kwa juma? Tulisema kazi ya Mungu haiachwi katikati. Mmoja wetu alisema, na amekubali tuliseme leo, kwamba mwanamume kufungiwa jikoni na mke mgonjwa ni jambo la aibu. Tukamwandikia barua. Tulimkumbusha fedha za watu. Tulitia na aya ya Maandiko, ile ya mtu atiaye mkono wake kulima kisha akatazama nyuma.

Hakutujibu. Mwezi wa Agosti tukaenda Mombasa bila yeye, tukarekodi. Kanda ile ilitoka. Wenye nakala tafadhali wasiilete leo.

Na yeye je? Yeye aliamka saa kumi usiku. Akachota maji, akawasha moto, akamwogesha mkewe, akamsuka nywele, vibaya sana mwanzoni hata wanawake walicheka, na baadaye vizuri. Akapika uji, akamlisha kijiko kwa kijiko, akamwacha na mtoto wa jirani, akaenda kwenye darasa lake lenye watoto kama siafu. Saa kumi jioni amerudi. Alifua leso za mkewe na kuzianika mwenyewe kwenye kamba, mbele ya barabara, watu wakipita. Wanaume wa Voi walipita wakageuza nyuso upande wa pili, na baadhi yao ni sisi.

Halafu likaanza jambo la nyimbo. Tuliopita barabara ile jioni tulimsikia Mwalimu akiimba uani kwake. Hakuimba besi, ambayo ndiyo sauti yake. Aliimba sauti ya kwanza, ya wanawake, kule juu, inapasuka kama ya kijana anayebalehe. Tuliambiana kwamba taabu imemzidi mzee, amechanganyikiwa. Tulicheka. Tuliporudi nyumbani tuliigiza, na watoto wetu wakacheka.

Ilikuwa hivi. Siku moja alikuwa akifagia huku akivuma wimbo, bila kufikiri, na nyuma yake akasikia maneno. Maneno kamili, ubeti mzima, yametamkwa sawasawa na mtu ambaye kwa miezi mitatu hakuweza kusema “maji”. Akageuka. Mama Mwalimu alikuwa ameketi kitini anaimba. Na alikuwa anaimba ile ile ya siku zote, sauti ya pili. Peke yake haikuonekana kama wimbo, kila mtu angedhani ni manung'uniko ya mgonjwa. Ni mtu mmoja tu duniani ambaye angeitambua papo hapo, kwa kuwa ndiye aliyeiandika ubaoni. Basi Mwalimu akaacha ufagio, akaanza kumwimbia sauti ya kwanza, ili sauti ya pili ipate mahali pa kusimama.

Baadaye sana, muuguzi mmoja, mpwa wao, alitufafanulia. Kwa watu wengi mahali pa kutungia maneno pako upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana kiharusi cha upande huo hulaza mkono wa kulia na kuchukua usemi. Lakini kuimba kunatumia pia upande wa kulia, na mara nyingi upande huo umebaki mzima. Kwa hiyo mtu asiyeweza kusema neno anaweza kuimba ubeti. Wataalamu kule Boston, Marekani, walitengeneza matibabu ya namna hiyo tangu miaka ya 1970. Mgonjwa anafundishwa sentensi fupi kwa tuni, huku mkono wake wa kushoto ukipigwapigwa polepole kufuata mapigo. Haiwasaidii wagonjwa wote, alisema, wala haifanyi haraka.

Mwalimu hakuwa amesoma hayo. Lakini alikuwa akifanya karibu yayo hayo. Aliushika mkono wa kushoto wa mkewe, ule ulio hai, akapiga mapigo kwenye kiganja, kama alivyotupigia sisi tulipokuwa wageni tusiojua kuhesabu. Akachukua maneno ya nyumbani akayatia tuni. “Nataka maji” ilikuwa mi, mi, mi, so, mi. “Naumwa hapa” ilishuka kutoka so hadi do. Waliimba hayo siku baada ya siku. Ilichukua miezi mingi kabla Mama hajaomba maji bila kuombwa aombe. Mwaka wa pili aliimba majina ya watoto wake wote wanne. Mwalimu alikuja kanisani Jumapili ile akaomba sala ya shukrani, na hakusema ni ya nini. Tulimwona amevaa tai.

Tulilijua jambo hili lini? Tungependa kusema mapema, lakini ilikuwa mwaka 2006, alipostaafu akiwa na miaka 55, kama sheria ilivyokuwa wakati ule. Walimu wenzake walimfanyia sherehe ndogo nyumbani, nasi tukaenda, kwa aibu kidogo, na tukala kimanga alichokiponda mwenyewe. Mmoja wa kina mama zetu akatoka uani akawakuta wawili hao nyuma ya nyumba, amemshika kiganja, wanaulizana kwa tuni kama wageni wameshiba. Alirudi ndani akilia, hakuweza kutueleza.

Tukaomba msamaha siku ile? Hapana. Tulikula tukaondoka. Yeye hakutaja barua, nasi hatukutaja. Aliendelea kuja Jumapili na Mama, wakiketi benchi ya mwisho karibu na mlango, na kwaya ilipokosea aliinamisha kichwa akitazama viatu vyake. Tulikuwa tunakiangalia kichwa kile kuliko mwongozaji wetu. Wapo viongozi waliomfuata wanaojua tunasema kweli.

Wajukuu wakaja, saba. Hao ndio waliompata Mwalimu bila ukali. Aliwafundisha do, re, mi kwa ishara za mkono: ngumi ni do, kiganja kilicholala ni mi, kidole kinachoelekea juu ni ti. Walipokwenda kwake likizo ya Agosti walikuta nyumba ambayo nyanya yao anazungumza kwa kuimba, na wakaona ni jambo la kawaida, kama nyumba nyingine zenye televisheni. Mmoja alipoanza shule ya chekechea alimwomba mwalimu wake ruhusa ya kwenda msalani kwa tuni. Aliitwa babu yake kueleza.

Mwaka 2020 makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona. Yalipofunguliwa mwezi wa Julai, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja, na wasiingie walio chini ya miaka 13 wala waliozidi miaka 58. Mwalimu alikuwa na miaka 69. Jumapili ya pili, baada ya ibada, waimbaji sita wa kwaya, vijana wetu, walikwenda wakasimama nje ya ua wake, barakoa usoni, mbalimbali, wakaimba. Hatukuwatuma sisi. Walijituma wenyewe, na tunaandika hivyo kwa furaha. Mwalimu alitoka akasikiliza nyimbo tatu. Kisha akasema kutoka kibarazani, “Sauti ya tatu mnakimbilia wapi?”

Aliitwa na Bwana mwaka uliofuata, usingizini. Siku ya maziko tuliimba, na Mama aliimba, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya mkono wa binti yake. Tulipomaliza alituuliza jambo. Aliuliza kwa tuni, tena aliuliza polepole ili tusikosee kuelewa: nani sasa ataimba sauti ya kwanza?

Hatukuwa na jibu pale kaburini. Miaka 18 mtu mmoja alikuwa amelijibu swali hilo kila jioni.

Mama Mwalimu, tunasema nawe sasa. Barua ile tuliyoiandika mwaka 2003, watoto wako walituambia waliikuta kati ya karatasi za baba yao, imekunjwa ndani ya kitabu chake cha noti. Hakuitupa wala hakuwaonyesha. Tunaomba msamaha wako, na wa watoto, kwa barua hiyo, na kwa kicheko cha barabarani, na kwa miaka tuliyopita tukageuza uso. Tulipaswa kuyasema haya akiwa hai. Hatukuyasema.

Na kitabu cha kwaya kimesahihishwa. Kamati imekubali. Mstari wa zamani haukufutwa, kwa kuwa ndivyo tulivyokuwa. Chini yake, kwa mwandiko ule ule ambao sasa unatetemeka kidogo, imeandikwa: “Mwalimu hakuiacha kwaya. Kuanzia Juni 2003 hadi alipofariki mwaka 2021 aliongoza mwimbaji mmoja wa sauti ya pili, kila siku, nyumbani kwake.” Tumetia sahihi sote tisa. Katika ukurasa wa viongozi wa kwaya mtaona miaka yake imeandikwa 1974 hadi 2021. Si makosa ya mpiga chapa.

Jambo la mwisho ni tangazo. Tangu maziko, wajukuu wamekuwa wakimwimbia nyanya yao wakiwa likizoni, na dada wanne wa kwaya wamekuwa wakienda Jumatano na Ijumaa jioni. Wawili kati ya hao wameolewa mbali mwaka huu. Karatasi ya zamu iko juu ya meza pale mlangoni, pamoja na kalamu. Saa kumi na moja kamili, tafadhali, msichelewe. Si lazima uwe na sauti nzuri, Mwalimu mwenyewe hakuwa nayo kule juu. Inayohitajika ni sauti ya kwanza. Ya pili ipo.